Choo Ni Safari ya Kwenda na Kurudi

Wanangu, mkifika kwa mtu asiyeweza kutembea vizuri, msitoe mita mfukoni. Ombeni kiti, mkae. Mkipewa chai, mnywe. Nasema hivi kwa sababu juzi mlinialika ateliye, karakana yetu ya zamani, nione kazi zenu mpya, na mmoja wenu akanionyesha kwenye simu nyumba nzima aliyoipima: mlango, dirisha, hata unene wa ukuta. Nikamwuliza, "Na mwenye nyumba anashukia kitanda upande gani?" Akanitazama kama nimemwuliza jina la paka wake.

Mimi ni Nsimire. Mbele ya uso wangu mnaniita Maman Nsimire, na mkidhani sisikii mnaniita Maman Vyoo. Jina hilo nalipenda, endeleeni nalo. Kwa miaka ishirini na zaidi nimewawekea watu wa Bukavu vitu vya kuwasaidia nyumbani: vyuma vya kushikilia, viti vya choo, njia za mteremko mahali pa vizingiti, kamba za kujiinulia kitandani. Na mji wetu mnaujua. Nyumba moja iko juu ya barabara, ya pili chini ya barabara, na katikati kuna ngazi za udongo ambazo mvua ikinyesha huondoka zikaenda ziwani. Aliyepanga mji huu hakumwuliza neno mtu mwenye fimbo.

Sikuanza na nyundo. Nilikuja ateliye kama mshonaji, kushona mito ya viti vya magurudumu na mikanda ya kumfunga mtu asianguke. Seremala mkuu alikuwa Papa Birindwa. Polio ilimdhoofisha mguu mmoja tangu utoto, akawa anatembea na fimbo aliyoichonga mwenyewe, na alikuwa na tabia ya kutokueleza kitu ambacho angeweza kukufanya uone. Asubuhi yangu ya kwanza aliniketisha kwenye kiti cha magurudumu, katikati ya uwanja.

"Maman, chai iko mule ndani," akasema. "Enda ukamate yako. Lakini usisimame."

Nikadhani ni mchezo. Nikasukuma magurudumu mpaka mlangoni, nikakuta kizingiti cha vidole viwili. Vidole viwili tu, wanangu. Nilikigonga, nikarudi nyuma, nikakigonga kwa nguvu, nikajaribu kuingia kinyumenyume. Mikono iliwaka moto. Wenzangu walikuwa ndani wanakunywa chai na kucheka, na chai ikaisha. Kufika saa sita Papa Birindwa akaja, akakiangalia kizingiti, akaniangalia mimi.

"Sasa unajua hii ni nini," akasema.

Tangu siku ile kila kizingiti nakiona kama kilima. Hata kanisani, watu wanaposimama kuimba, mimi natazama mlango.

Papa Birindwa hakupima nyumba kabla ya kumpima mtu. Alitumia kamba. Kila mgonjwa alikuwa na kamba yake yenye mafundo: fundo moja kutoka chini mpaka nyuma ya goti, hilo ndilo kimo cha kiti; fundo la pili kutoka chini mpaka kwenye kifundo cha mkono, mtu akiwa amesimama na mkono umelala ubavuni, hicho ndicho kimo cha chuma cha kushikilia. Ninyi mna mita za mwanga zinazosoma zenyewe, na nimefurahi kuziona. Lakini nimeona pia kiti cha choo kizuri, kimepakwa rangi mara tatu, na mama aliyekikalia miguu yake inaning'inia kama ya mtoto kanisani. Mita ilisoma sawasawa. Hakuna aliyepima goti.

Makosa yangu mwenyewe ni mengi, sitayamaliza. La kule kijijini Katana lazima niwaambie. Kulikuwa na mzee mmoja mfuga nyuki, magoti yalikuwa yamekufa, naye tulikuwa tumempa kiti cha magurudumu. Nyumba yake ilikuwa na ngazi tatu mbele. Papa Birindwa alikuwa na homa wiki hiyo, nikaenda peke yangu na kiburi changu. Uwanja ulikuwa mfupi, basi na mimi nikatengeneza mteremko mfupi: mbao mbili nzuri, laini kama meza. Mzee akaketi, akavaa kofia, akasema asante kwa Mungu, akaachia magurudumu.

Alipita mbele yangu. Alipita mbele ya mke wake aliyekuwa anamenya mihogo. Kuku walikimbia. Alisimama katikati ya shamba la maharage, kiti kimelala ubavu, gurudumu moja linazunguka hewani. Tulimkimbilia tukiwa tunalia. Tukamkuta amelala chali, anacheka mpaka machozi.

"Maman," akasema, "hii kintu iko muzuri sana! Lakini frein ya kuisimamisha iko wapi?"

Niliporudi ateliye, Papa Birindwa, na homa yake, aliniambia jambo ambalo sasa mnalisoma kwenye vitabu: kwa kila shubiri moja ya kwenda juu, shubiri kumi na mbili za kwenda mbele. Uwanja ukiwa mfupi, njia ikate kona, na kwenye kona muweke mahali tambarare pa kupumzikia. Nikarudi Katana, nikaibomoa kazi yangu, nikaanza upya. Mzee alisikitika kidogo. Ile ya kwanza aliipenda zaidi.

Lakini kazi iliyonifundisha kuliko zote niliifanya Papa Birindwa akiwa ameshapumzika kazi, mimi ndiye mkuu, na nikijiona nimejua kila kitu. Ni ile ya Maman Faida.

Maman Faida alikuwa muuza sambaza, vile visamaki vidogo vya ziwa letu, pale soko la Nyawera. Mnamfahamu mwanamke wa sambaza: anaweza kuita wateja, kufukuza nzi na kugombana na jirani kwa sauti moja. Ndiye huyo. Halafu akapata kiharusi, kile madaktari wetu wanachokiita AVC. Akili ilibaki, ulimi ukarudi, lakini upande wa kushoto haukurudi vizuri: mguu unaburuzika, mkono umelala. Binti yake Faida akamchukua kwake Nguba, kwenye nyumba ndogo ya mbao, upande wa chini wa barabara, kule ambako nyumba zinateremka kuelekea ziwa.

Faida ni mwalimu. Alikuja ateliye siku moja akiwa na chaki kwenye nguo na uso wa mtu asiyelala.

"Maman Nsimire, mama yangu anakonda tu," akasema. "Tumemupeleka ku hospitali mara mbili. Muganga anasema mwili yake iko mukavu kama samaki ya kukausha, anywe maji. Nyumbani anakunywa! Bwana yangu anamupatia vikombe tano kila siku. Sasa maji inaenda wapi? Munipatie kiti ya magurudumu, labda akitoka inje atapata nguvu."

Nilienda kesho yake, bila kiti, kuangalia kwanza. Mumewe Innocent alinifungulia. Ni mshonaji, mwembamba, mita ya kitambaa shingoni, mashine yake iko pale pale sebuleni. Kwa hiyo ndiye anayekuwa nyumbani mchana kutwa. Aliongea na mama mkwe wake kupitia pazia la chumba, macho chini, kwa heshima yote. Akamletea kikombe cha maji, akakiweka juu ya kistuli, akatoka kinyumenyume kama mtu anayetoka kwenye baraza la mfalme. Mimi akaniletea chai.

Maman Faida alikuwa amekaa kitandani, ananipima kwa macho.

"Wewe ndiye banasema unatengenezaka viti?" akaniuliza. "Na wewe mwenyewe hujui kukaa. Unakaa kama mutu mwenye anataka kukimbia."

Nikakaa vizuri. Nikanywa chai yangu polepole. Tukaongea habari za sambaza, jinsi ya kujua zile za leo na zile za jana zilizopakwa maji. Kikombe chake hakukigusa. Nikamwomba Innocent atuache wawili, akaenda kukaa nje na nguo mkononi.

"Maman," nikauliza, "choo iko wapi?"

"Inyuma."

"Unafikaka aje?"

Mwanamke yule ambaye soko zima lilikuwa linamsikia akatupa jicho mlangoni. Halafu akachukua kile kikombe kwa mkono mzima, akaegemea nyuma ya kitanda, nikasikia maji yanamwagika ndani ya kitu.

"Inama, uangalie," akasema.

Nyuma ya kitanda kulikuwa na bidoni la njano la lita tano. Lilikuwa limejaa nusu.

"Innocent ananiletea asubuhi, ananiletea saa sita, ananiletea saa tisa, mpaka vikombe tano. Mutoto muzuri, siwezi kusema kitu. Akigeuka tu, namwanga umu. Jioni Faida anazania ni maji ya kunawa, anamwangia maua."

"Juu ya nini, maman?" nikamwuliza sababu.

"Faida anatokaka saa moja ya asubuhi, anarudiaka saa kumi na moja. Kati-kati pale, ni miye na bokilo yangu tu, bwana ya mutoto wangu. Maji ikiingia, inatoka. Ikitaka kutoka, nani atanipeleka ku choo? Innocent? Mwanaume mwenye aliniolea mutoto, anishike, anifungulie kikwembe?" Akacheka, lakini macho yalikuwa yamejaa. "Nilibeba kitunga ya sambaza ku kichwa miaka yote, hakuna mutu alinisaidia hata siku moja. Afazali kiu."

Wanangu, nilikuwa nimefanya kazi hii muda mrefu. Nilikuwa nimepima milango ya nusu ya mji huu. Sikuwa nimewahi kumwuliza mtu yeyote kama anakunywa maji. Nilijiuliza pale pale ni wangapi nimewaacha na kiti kizuri na kiu yao.

Nikapendekeza kiti chenye ndoo chini, kikae chumbani. Wengi kinawafaa.

"Na hiyo ndoo," akasema, "nani ataimwanga?"

Basi ilikuwa lazima afike kwenye choo cha nje yeye mwenyewe, kwa miguu yake, bila mtu. Nilihesabu hatua kutoka kitandani: kumi na nane. Aliniapisha nisimwambie Innocent sababu. "Atakufa na haya," akasema. Nikaapa.

Tulifanya kazi siku tatu. Nilitoa kizingiti cha mlango wa nyuma. Mlango wa choo uliokuwa unafungukia ndani nikaugeuza ufungukie nje, kwa sababu mtu akianguka nyuma ya mlango wa ndani, anaufunga kwa mwili wake na hakuna atakayeufungua. Juu ya shimo nikaweka kiti cha mbao chenye kimo cha goti lake. Halafu bomba la chuma la kushikilia: ukutani mwa chumba, kando ya mlango, halafu uwanjani juu ya nguzo kando ya ua wa jirani, mpaka chooni. Lote upande wa kuume anapoenda, kwa sababu mkono wa kuume ndio mzima. Innocent alichimba mashimo ya nguzo huku anaimba. Nilikuwa nimemwambia ni chuma cha kufanyia mazoezi. Alisimamisha nguzo kwa usahihi wa mshonaji; mstari ule ungeweza kuupigia pasi.

Jumamosi tukajaribu, Faida akiwepo. Maman Faida akashika chuma, akasimama, akaburuza mguu. Hatua moja. Mbili. Sisi nyuma hatupumui. Alifika kwenye choo, akaugusa mlango kwa kidole, akageuza kichwa akatuangalia kama mtu aliyeteka mji. Faida akapiga vigelegele, akamkimbilia, akamkumbatia, akamshika mkono, wakarudi nyumbani pamoja wakilia na kucheka. Maman Faida akaomba maji. Akanywa vikombe viwili mbele yangu, vyote mpaka chini. Mimi nikafunga vyombo vyangu, nikaenda nyumbani kichwa juu.

Mmeona kosa? Mimi sikuliona.

Jumatatu nilikuwa upande wa Kadutu kwa mtu mwingine. Mawingu yalikuwa yamefunga ziwa, matone ya kwanza yanapiga mabati. Simu ikalia. Ilikuwa Innocent, anaongea kwa sauti ya chini kama mtu aliye hospitali.

"Maman Nsimire, aksanti kwa kazi ulitufanyia. Lakini... maman iko nauzisha samaki mu choo."

"Iko nafanya nini?"

"Sikia."

Akatoa simu nje, na kweli nikasikia, kwa mbali, sauti ile ya Nyawera: "Sambaza! Sambaza ya leo! Mukuje, bamama, mukuje!"

Innocent alidhani akili imeondoka. Mimi nilielewa mara moja. Alikuwa amekunywa maji. Alikuwa ameenda peke yake, chuma mkononi mwa kuume, hatua kumi na nane, bila shida. Alikuwa ameketi, amemaliza, amesimama, amegeuka. Na chuma sasa kiko kushoto, upande wa mkono uliolala. Jumamosi hatukujua, kwa sababu wakati wa kurudi Faida ndiye aliyemshika. Sasa alikuwa amekwama kule, na kwa kuwa hawezi kumwita mkwe wake, alikuwa anaita wanawake wa jirani kwa maneno pekee ambayo hayatamwaibisha.

"Innocent, akili yake iko muzima," nikamwambia. "Alifika kule mwenyewe, lakini hawezi kurudi. Chuma niliweka upande moja tu. Kosa ni yangu. Ita mama wa jirani."

"Niliita. Bote beko ku soko."

"Na mimi sina pikipiki ya kunileta, motari bote bamekimbia mvua. Basi ni wewe."

Mvua ikaanza kupiga kwa nguvu pande zote mbili za simu.

"Maman," akasema, "ni mama mukwe wangu."

"Najua."

Akakata.

Yaliyofuata nilisimuliwa na wote wawili, kila mmoja akimkata mwenzake maneno. Innocent alisimama mbele ya mashine yake kidogo. Halafu akachukua kitambaa cha buluu alichokuwa anashona sare za shule, akajifunga macho, akafunga na fundo la pili kwa usalama, akatoka kwenye mvua akipapasa chuma.

"Maman!" akaita. "Niko nakuja! Nimefunga macho, sioni kintu!"

"Innocent? Juu ya nini umefunga macho?"

"Juu ya heshima, maman!"

"Heshima itakuingiza mu shimo! Simama! Kuume! Kuume, nasema, iyo ni kushoto!"

Alianguka mara moja kwenye tope. Akaamka. Yule mama, aliyekwama chooni, paa linamdondokea, akawa anamwongoza kwa sauti kama mtu anayeegesha lori: nyuma kidogo, mbele, kuna jiwe, inua mguu. Alipofika mlangoni Innocent akageuka, akampa mgongo.

"Toa hiyo kitambaa," akamwambia. "Nimevaa zamani. Nilivaa mbele ya kuanza kuuza sambaza."

"Kweli, maman?"

"Ningeuza samaki bila kikwembe?"

Akatoa kitambaa, lakini hakugeuka. Akarudi kinyumenyume mpaka bega lake likafika karibu. Maman Faida akaweka mkono wake wa kuume juu ya bega lile, na Innocent akaanza kutembea mbele, hatua ndogo ndogo, ananyooka kama nguzo. Hatua kumi na nane katika tope na mvua. Anasema ndipo alipogundua kwamba mama mkwe wake anacheka.

Nilifika wakati mvua inapungua, nimelowa mpaka kwenye viatu, nimejitayarisha kutukanwa. Nikawakuta sebuleni, yeye amefungwa blanketi, Innocent ana tope mpaka kwenye nyusi, wanacheka hawawezi kusema. Mmoja akianza, "Heshima, maman," mwingine anaanza tena.

Kicheko kikaisha chenyewe. Maman Faida akajifuta macho na ncha ya blanketi.

"Innocent," akasema, "enda uangalie nyuma ya kitanda yangu."

Akaenda. Akarudi na bidoni. Akaniangalia mimi, akamwangalia yeye, na nikaona linavyomwingia polepole. Akakaa chini sakafuni, bidoni mapajani.

"Maman, kila jioni nilikuwa namwambia Faida, leo maman alikunywa vikombe tano. Nilikuwa nafurahi."

"Najua, mutoto wangu. Nilikuwa nasikia unamwambia."

"Ungeniambia tu."

"Ningekuambia na kinywa gani?"

Aliliweka bidoni chini, akatoka nje. Nilidhani ameenda kulia, na labda alilia kidogo. Lakini nilipomfuata nilimkuta amesimama kwenye mlango wa nyuma, mita shingoni, anaangalia uwanja. Nikamwambia kesho nitaleta bomba la pili, niweke upande wa pili wa njia, ili mkono wa kuume upate kitu wakati wa kurudi.

"Juu ya nini ulete ya pili?" akaniuliza. "Ungeweka hii moja kati-kati ya njia. Kama barabara. Anaenda upande huu, anarudi upande ule. Mukono ya kuume inaikuta kila saa."

Nikasimama pale. Nikainua mkono wangu wa kuume, nikatembea kwenda, nikazunguka, nikatembea kurudi, kama kichaa, kwenye tope. Ni kweli. Chuma kimoja, katikati, na nafasi ya kuzungukia kwenye kila mwisho. Miaka yote ile, na mimi nilikuwa nakibandika ukutani kwa sababu ukuta upo! Katika njia nyembamba ndani ya nyumba weka vyuma viwili, huna la kufanya. Lakini uwanjani, kwa mtu mwenye mkono mmoja, weka kimoja, katikati. Hilo Papa Birindwa hakunifundisha. Nimelipata kwa mshonaji wa Nguba, na kwa muuza sambaza aliyekwama kwa sababu yangu. Na tangu siku ile sijatoka kwenye nyumba ya mtu kabla hajaenda na kurudi mara tatu, peke yake, mimi nimekaa juu ya mikono yangu nisimsaidie.

Tulihamisha nguzo siku ile ile jua lilipotoka, na kesho yake nikaongeza chuma cha pili upande mwingine wa chumba. Wiki zilizofuata Maman Faida alinenepa, na maua ya Faida yakaanza kunyauka kidogo.

Mtu aliyepata choo chake hutaka na mengine. Alianza kuuliza habari za Nyawera. Wenzake walimtumia maneno kwamba nafasi yake ipo, lakini kuna muuza nyanya anayeiangalia sana. Maman Faida akasimama mbele ya ngazi za mawe zinazopanda barabarani. Zilikuwa kumi na tisa.

"Nsimire," akasema, "weka chuma."

Nikaweka, katikati. Nikamfundisha kile mnachopaswa kukijua hata usingizini: kupanda, mguu mzima unatangulia, kushuka, mguu mgonjwa unatangulia. Na anayesaidia akae siku zote upande wa chini, asivute mkono, awe tayari tu. Huyo alikuwa Innocent. Kila alasiri aliacha mashine, akasimama ngazi moja chini ya mama mkwe wake, macho wazi, mikono nyuma. Siku ya kwanza ngazi tatu. Mwisho wa juma, saba. Siku moja alikaa kwenye ngazi ya kumi na mbili akakataa kupanda na kushuka, akagombana na kila mpita njia mpaka hasira ikampa nguvu za kumaliza saba zilizobaki.

Nilimtengenezea kiti cha soko chenye mikono imara ya kujiinulia, na meza iliyokatwa miguu ifike kimo chake. Asubuhi ya siku yenyewe alipanda ngazi zote bila kupumzika, akaingia kwenye teksi miguu mwisho, makalio kwanza, kama nilivyomwonyesha. Nyawera walimpokea kwa kelele ambazo nadhani zilifika Rwanda. Wanawake waliimba, mmoja alimwaga ndoo ya dagaa kwa furaha. Muuza nyanya alisogeza nyanya zake mwenyewe, bila kuambiwa.

Sisi watatu, Faida, Innocent na mimi, tulisimama mbele ya meza yake tukimtazama anavyogawa sambaza mafungu mafungu kwa mkono mmoja, haraka kuliko wengine kwa miwili. Nakiri kwamba nilikuwa nangoja neno. Nilikuwa nimeweka uso wa mtu anayetaka kushukuriwa.

Maman Faida akainua macho.

"Nsimire."

"Ndiyo, maman."

"Sogea. Unanifungia wateja."

Nikasogea.